Udongo Kwanza, Penseli Baadaye

Somo la vikundi: kazi za mikono kwa watoto wa mwaka mmoja hadi mitatu



Somo hili ni la kila mtu aliye na mtoto mdogo nyumbani, awe wa kuzaa au wa kulea. Nyanya wanaobaki na wajukuu mchana kutwa tunawalenga hasa. Lisomwe kwa sauti kikundini, na msomaji asimame pale penye swali ili watu waongee. Msikimbie. Likichukua mikutano miwili, si neno.

Jambo lenyewe ni hili. Siku hizi wazazi wengi wana haraka ya penseli. Mtoto hajatimiza miaka mitatu, tayari amenunuliwa daftari, anashikwa mkono na kuburutwa juu ya karatasi ati aandike a, e, i, o, u. Akishindwa anaonekana mzito. Katika ziara zetu tulimkuta mtoto wa miaka mitatu na nusu aliyekuwa akificha mikono chini ya meza kila mwalimu alipokaribia. Nyumbani aliitwa mvivu, na shuleni ilisemekana hashiki mambo. Tulimwomba afungue kifuniko cha chupa, akashindwa. Tulimpa kitambaa chenye maji akikamue, akakifinya kidogo akakiacha. Lakini tulipomwuliza habari za mbuzi wao aliyezaa, alitusimulia mwanzo mpaka mwisho bila kukosea. Akili ilikuwa sawa kabisa. Mikono ndiyo haikuwa imepewa kazi. Mtoto huyo alilishwa, akavishwa, akaketishwa na simu mkononi ili atulie, basi. Halafu siku moja akapewa penseli.

Wazazi wajue pia haki yao. Kwa utaratibu wa sasa hapa Kenya mtoto anaingia PP1 akiwa na miaka 4, na PP2 akiwa na miaka 5. Kabla ya hapo hakuna anayemdai maandishi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 hairuhusu shule ya umma kumtahini mtoto ili imkubali au imkatae. Jaribio linaloruhusiwa ni la kumpanga katika darasa linalomfaa. Na viboko vilipigwa marufuku shuleni tangu mwaka 2001. Kwa hiyo haraka hii haina msingi, na anayeumia ni mtoto.

MKONO UNAKOMAA VIPI?

Kila mmoja ashike kifundo cha mkono wake, pale kiganja kinapoungana na mkono. Ndani yake mna mifupa midogo 8. Mtoto anapozaliwa, yote 8 bado si mifupa migumu. Ni gegedu, ule mfupa laini tunaoujua kwenye kidari cha kuku mchanga. Inaanza kuwa migumu mmoja mmoja mwaka hata mwaka, na wa mwisho huanza kukomaa mtoto akiwa na miaka 9 hivi au zaidi. Sasa mkono wa mtoto wa miaka miwili ukilazimishwa kushika penseli kama karani, unadaiwa kitu ambacho bado haujawa nacho.

Mtoto wa miezi sita anashika kwa kiganja kizima, kama mtu anayezoa mchanga. Kati ya miezi tisa na mwaka anaanza kuokota kitu kwa dole gumba na kidole cha shahada. Hiyo ni hatua kubwa sana, akina mama. Vidole hivyo viwili ndivyo vitakavyofunga kifungo, vitakavyopanda mbegu, vitakavyoshika sindano na baadaye kalamu. Akiwa na mwaka mmoja na nusu anaweza kupanga vipande viwili au vitatu vya mbao kimoja juu ya kingine. Akiwa na miaka miwili, sita hivi. Akiwa na mitatu, karibu tisa. Katika miaka mitatu anaweza pia kuiga duara. Msalaba hungoja miaka minne. Hebu angalieni: herufi nyingi zina mistari inayokutana au kukatana, na mtoto wa miaka mitatu bado yuko kwenye duara!

Watoto hawalingani. Mmoja atatangulia, mwingine atachelewa miezi kadhaa, na wote ni wazima. Msilinganishe mtoto na wa jirani. Mlinganishe na vile alivyokuwa mwezi uliopita.

Kabla ya penseli mkono unahitaji mambo matatu: nguvu ya kufinya, mikono miwili kusaidiana (mmoja unashikilia, mwingine unafanya kazi), na vidole viwili vya mbele kufanya kazi bila vingine kuingilia. Yote matatu yanapatikana nyumbani bila kununua kitu.

Kuna watu watasema haya ni mambo ya wazungu. Ni kweli kwamba Friedrich Froebel alianzisha kituo cha watoto wadogo huko Ujerumani mwaka 1837, akawapa kazi za kufinyanga, kutunga na kusuka. Ni kweli pia kwamba daktari Maria Montessori, huko Roma mwaka 1907, aliwaacha watoto wamimine maji, wapange vitu na wafungue vifungo. Lakini nani kati yetu hakufinyanga ng'ombe wa matope? Nani hakumfunga gunzi la mahindi mgongoni akalibembeleza kama mtoto? Nyanya zetu hawakusoma vitabu vya watu hao wawili. Walichofanya ni kuwaacha watoto wakae karibu na kazi.

Swali: Ukiwa mdogo ulitengeneza nini kwa mikono yako? Nani alikuonyesha? Watoto wa nyumbani kwako wanakifanya bado?

UDONGO

Kama kikundi kitafanya jambo moja tu katika somo hili, kifanye udongo. Hakuna kitu kinachotia vidole nguvu kama udongo wa mfinyanzi. Unakataa kidogo, halafu unakubali. Mtoto anasukuma, unabonyea. Anaacha, unabaki na alama ya kidole chake, anaiangalia na kucheka.

Uchimbwe chini ya ule udongo wa juu wenye mizizi, mbali na choo, mbali na mahali ng'ombe wanaponyweshwa, mbali na pale dawa za shamba zinapochanganyiwa. Toeni mawe, miiba na vigae vya chupa. Uloweke usiku kucha, kesho yake ukandwe kama unga wa chapati hadi ushikane. Kuupima, viringisha kipande kiwe kama mdudu mnene wa kidole, kisha ukizungushe kwenye kidole chako. Ukikatika, una mchanga mwingi au maji kidogo. Ukinata mkononi, uache upungue maji kivulini.

Kuuhifadhi ni rahisi. Zamani tungesema uufunge katika mfuko wa plastiki, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku mwaka 2017. Tia udongo katika ndoo yenye kifuniko na juu yake weka kitambaa chenye unyevu. Utakaa wiki nyingi.

Mtoto wa mwaka mmoja mpe donge kubwa kuliko ngumi yake, aketi chini kwenye gunia, nawe uketi naye. Atalitoboa kwa kidole na kulipiga kofi. Hiyo ndiyo kazi yake, usimtafutie nyingine. Wa mwaka mmoja na nusu anaweza kumega madonge na kuyatia kwenye mkebe wa Kimbo, ayamwage, ayatie tena. Kwa miaka miwili anaanza kuviringisha nyoka kwenye ubao. Huko mbele kidogo atapata mpira, atausukuma uwe chapati, atazipanga chapati na kukuuzia. Nunua! Kwa miaka mitatu anaunganisha, na hapo ndipo ng'ombe wa kwanza anazaliwa, pengine ana miguu mitano.

Tafadhali usimrekebishe huyo ng'ombe. Tumeona wazazi, hasa baba zetu wenye mkono mzuri wa ufundi, wanachukua ule udongo wanautengenezea mtoto ng'ombe wa maana mwenye pembe na nundu. Mtoto anaangalia, anaweka mikono nyuma. Kazi imekwisha, mikono ya baba ndiyo imepata mazoezi. Ukitaka kufinyanga, finyanga wako pembeni.

Wasio na udongo mzuri karibu, kwa mfano wa pwani penye mchanga mtupu, wanaweza kukanda unga wa ngano vikombe viwili, chumvi kikombe kimoja, maji kidogo kidogo na tone la mafuta. Lakini unga ni chakula na bei tunaijua. Mchanga wenye maji, kikombe na kijiko kikubwa vinaweza kufanya sehemu ya kazi hiyo.

Baada ya udongo, mikono ioshwe kwa sabuni na kucha ziwe fupi. Dawa ya minyoo mtoto anapewa kliniki kila miezi sita kuanzia mwaka mmoja, muulize muuguzi kama amepata. Mtoto anayeonja udongo mara moja moja si ajabu. Anayeula kila siku apelekwe kupimwa damu, maana huenda amepungukiwa na madini ya chuma.

KUTUNGA

Kutunga kunafundisha mikono miwili kusaidiana. Mkono mmoja unashika kamba, mwingine unaleta tundu, na macho yanaongoza. Shanga ndogo ndogo ni za watoto wakubwa. Hawa wetu wanahitaji vitu vikubwa.

Kusanyeni vifuniko vipana vya plastiki vya mikebe ya majarini au ya chakula, upana wa sentimita 6 au zaidi. Mtu mzima atoboe katikati kwa msumari wa moto tundu la kupitisha kidole cha mtoto. Chupa za plastiki nazo zinaweza kukatwa kuwa pete za upana wa vidole viwili. Kingo zake ni kali, kwa hiyo zizungushiwe kitambaa na kushonwa. Hii ni kazi nzuri ya alasiri moja ya mkutano, huku michango ya mzunguko ikihesabiwa.

Anza na kijiti. Simika kijiti laini kwenye donge la udongo, mtoto wa mwaka mmoja na nusu avike pete hapo moja moja. Kijiti hakiyumbi, kwa hiyo anafaulu. Akishazoea, na hii ni karibu na miaka miwili na nusu, mpe kamba ya katani. Ncha yake ichovywe katika nta ya mshumaa ili isimame kama sindano. Upande wa pili funga kifuniko kimoja kiwe kizuizi. Kamba isizidi sentimita 30, na isivaliwe shingoni hata kwa mzaha. Akimaliza kutunga, ikunjwe iwekwe juu.

Mwanzoni atatunga kimoja na kutupa. Siku nyingine vitatu. Usihesabu kwa sauti kama mwalimu wa mitihani. Ukitaka kuongea, mwambie rangi, mwambie hiki kilitoka kwenye mkebe wa nyanya. Maneno hayo nayo ni elimu.

KAZI ZA JIKONI NA UANI

Hapa hatutasema mengi kwa kuwa kazi mnazijua, tatizo ni kwamba tunawafukuza watoto zinapofanyika. Tunasema, "Toka hapa, utanichelewesha." Ni kweli atakuchelewesha. Chagua kazi moja kwa siku ambayo utakubali kucheleweshwa.

Kukamua kitambaa ni zoezi bora kuliko mengi: mikono miwili, vifundo vinazunguka, kuna nguvu na kuna matokeo, maji yanatoka. Mpe kitambaa kidogo siku ya kufua. Kuanika kwa vibanio ni ngumu zaidi, lakini mtoto wa miaka mitatu anaweza kubana vibanio kwenye ukingo wa boksi. Mwache achambue mchicha, atoe majani ya sukuma kwenye shina na kuyachana. Mwache amimine maji kutoka kikombe kimoja hadi kingine ndani ya karai. Maji yawe kidogo, na usimwache peke yake kamwe, maana mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji ya kina kifupi sana. Karai limwagwe mara mkimaliza.

Chakula chenyewe ni darasa mara tatu kwa siku. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu mwache ashike kijiko hata kama nusu ya uji itaishia kifuani. Wa miaka miwili aanze kuvua nguo zake, kwa sababu kuvua hutangulia kuvaa. Vifungo vikubwa vya sweta ya babu vinafaa kujifunzia.

Na baba wapi? Nendeni kwa fundi seremala mwombe vipande vilivyobaki, vyenye upande wa sentimita 5 au zaidi. Vipigwe msasa mpaka visiwe na vibanzi. Visipakwe rangi, na vile vyenye rangi ya zamani visichukuliwe, maana nyingine zilitiwa madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa ubongo wa mtoto. Vipande 10 vinatosha. Mtoto atavijenga na kuviangusha mwaka mzima.

KARATASI, MKAA NA UKINDU

Mikasi tuiache mpaka baada ya miaka mitatu, na iwe butu ncha. Kabla yake kuna kuchana. Gazeti la zamani likichanwa vipande virefu, vidole viwili vya kila mkono vinafanya kazi kama vya fundi. Vipande hivyo vinabandikwa kwenye boksi kwa gundi ya unga: kijiko cha unga wa ngano, maji, koroga jikoni mpaka iwe kama uji mzito, ipoe. Maganda makavu ya mgomba yanachanika vizuri vilevile, na ndugu wakubwa watayachukua wafunge mpira.

Kuchora kuanzie chini, kwa kijiti juu ya vumbi. Mkono mzima unazunguka kutoka begani, na ndivyo inavyotakiwa. Baadaye mpe mkaa uliopoa au chaki achore kwenye boksi lililosimamishwa ukutani. Kuchora ukutani kunakaza kifundo cha mkono kuliko kuchora mezani. Akishapita miaka mitatu, vunja chaki iwe fupi. Chaki ndefu inashikwa kwa ngumi, lakini chaki fupi haina pa kushikwa ila kwa ncha za vidole. Hakuna haja ya kumpigia kelele "shika vizuri!", chaki yenyewe inamfundisha.

Kwa wale wanaosuka vyondo na mikeka: mtoto wa miaka mitatu mkatie kipande cha boksi, kipasue mistari minne, apitishe ukindu juu na chini. Atakosea kila mara. Mwache akae karibu nawe unaposuka, hilo peke yake ni somo. Majani mabichi ya mkonge msimpe, maji yake yanawasha. Mpe nyuzi kavu.

Simu? Kidole kinachoteleza juu ya kioo hakifinyi, hakipindi, hakishikilii. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa mwaka mmoja asiangalie kioo hata kidogo, na wa miaka miwili hadi minne asizidi saa moja kwa siku.

Swali: Ni kazi gani moja ya nyumbani kwako ambayo mtoto anaweza kukusaidia kuanzia kesho? Ni nini kitakachokukera, na utakubali?

HATARI ZISIZONGOJA

Hapa tunaomba kila mtu asikilize, pamoja na vijana wanaolea wadogo zao.

Kateni tundu la mviringo la upana wa sentimita 4 kwenye boksi. Hicho ni kipimo cha kikundi. Kitu chochote kinachopita hapo hakifai kuachwa na mtoto wa chini ya miaka mitatu, maana kinaweza kuziba koo. Vifuniko vya soda vinapita, tena vina makali. Maharagwe, punje za mahindi na gololi zinapita. Hata kupukuchua mahindi, kazi nzuri sana kwa vidole, tungoje mtoto apite miaka mitatu, na mtu mzima awe ubavuni. Njugu karanga nzima asipewe mtoto chini ya miaka mitano, zitwangwe.

Mtoto akikabwa na akashindwa kukohoa, kulia au kupumua, usimpe maji, usiingize kidole kooni bila kuona kitu chenyewe. Kama hajafika mwaka mmoja, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini, umpige mara 5 katikati ya mabega kwa kisigino cha kiganja. Kisha mgeuze umbonyeze kifua katikati mara 5 kwa vidole viwili. Kama amepita mwaka mmoja, mwinamishe mbele umpige mgongoni mara 5; kisha simama nyuma yake, ngumi moja juu ya kitovu, mkono wa pili juu ya ngumi, uvute ndani na juu mara 5. Endelea kwa zamu mpaka kitoke, na mwingine aite msaada. Mwombeni muuguzi wa dispensari aje kikundini awaonyeshe kwa mwanasesere. Kusoma peke yake hakutoshi.

Punje ikiingia puani au sikioni usiichokore, wala usitie maji. Haragwe likilowa huvimba. Nenda zahanati.

Mbegu za kupendeza si zote za kuchezea. Zile nyekundu zenye doa jeusi, tipitipi, ambazo wengine huzitunga mapambo, zina sumu kali. Mbegu za mbarika vilevile. Vijiti vya mnyaa visikatwe kwenye ua kwa ajili ya watoto, utomvu wake mweupe unaumiza macho vibaya. Mikebe ya dawa za shamba, hata ikioshwa mara kumi, si ya mtoto. Na betri zile ndogo bapa za saa na za vitu vinavyowaka taa zikimezwa zinachoma koo kwa muda wa saa chache. Hapo ni hospitali mara moja, hata kama mtoto anacheka.

MKONO UNAOBAKI NYUMA

Katika kikundi kimoja tunachokitembelea kulikuwa na mtoto wa miezi 10 aliyesifiwa sana. Kila kitu alikichukua kwa mkono wa kulia. Nyanya alifurahi: "Huyu hatatuletea kushoto." Tulipomwekea donge la udongo upande wa kushoto, alijipinda mwili mzima ili alifikie kwa mkono wa kulia. Mkono wa kushoto ulikaa kimya, ngumi imefungwa, dole gumba ndani.

Mtoto asiyefika mwaka mmoja hutumia mikono yote miwili karibu sawa. Mkono anaoupenda huanza kujionyesha baadaye, kwa wengi kati ya miaka miwili na minne. Kwa hiyo mtoto mchanga anayechagua upande mmoja mapema hivyo, si hodari. Huenda upande wa pili una udhaifu. Yule mtoto alipelekwa kliniki, kisha hospitali ya kaunti, na mama akaonyeshwa mazoezi ya kumfanyia nyumbani. Udhaifu haukuisha wote. Lakini mpaka tunaandika, anashikilia sufuria kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukikoroga, na mama yake anasema hiyo kwake ni kazi kubwa.

Angalieni pia mtoto wa mwaka mmoja asiyeokota kwa vidole viwili, ngumi zisizofunguka baada ya miezi mitatu minne, au mtoto aliyekuwa akishika vitu halafu akaacha. Hili la mwisho lisingoje kliniki ya mwezi ujao. Chukueni kile kitabu cha mama na mtoto. Mna kurasa za ukuaji, mwonyesheni muuguzi. Kwa watoto wenye ulemavu kuna vituo vya kupima mahitaji ya elimu, EARC, vilivyoanzishwa hapa Kenya mwaka 1984. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo karibu anaweza kuwaelekeza kilipo. Tunajua wapo watoto wanaofichwa chumbani kwa aibu. Udongo hauchagui mkono. Mleteni akae na wenzake kwenye gunia.

Na yule ambaye kweli ni wa kushoto? Mwacheni. Si laana, si ukaidi, wala haibadilishwi kwa kumfunga mkono au kumchapa. Ukimwonyesha kusuka au kufunga kamba, keti mbele yake mkitazamana, aone kama kwenye kioo.

KAZI YA MKUTANO UJAO

Kikundi kichague watu wawili wa kuleta udongo uliokandwa tayari, na wengine vifuniko, magunia na vipande vya mbao. Watoto waje wote. Kwa saa nzima watu wazima wasitengeneze chochote, waangalie tu: nani anatumia mikono miwili, nani anaokota kwa ncha za vidole, nani hajisogezi. Katibu aandike. Mkutano wa baada ya miezi mitatu daftari hilo lifunguliwe, na yale majina yasomwe kwa wazazi wao faraghani, mmoja mmoja.